Sikukuu na Majira ya Kazi katika Mwanza na Ufuko wa Ziwa Victoria

Desturi ya wengi walioandika juu ya sikukuu za bara la Afrika ya Mashariki ni kuzipanga kwa kuwafuata wageni walioziingiza: Idi kwa misafara ya watu wa pwani, Noeli na Pasaka kwa wamisionari, Diwali kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na sikukuu za taifa kwa serikali. Mpango huo si wa uongo, lakini umepungukiwa. Hueleza kila sikukuu ilitoka wapi, wala hauelezi kwa nini moja ilipata mizizi mashambani na nyingine ikastawi zaidi mjini. Wala kwa nini sikukuu ya Kanisa ambayo katika nchi nyingi hupita bila kishindo imekuwa katika Usukuma mkutano wa maelfu ya watu, hali Noeli, iliyo mashuhuri kuliko hiyo ulimwenguni kote, haikupata uwanja wa namna ile. Jibu la maswali hayo halimo katika vitabu vya dini peke yake. Limo pia katika jembe, katika mvua, na katika mwezi unaowaangazia wavuvi.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba watu wa ufuko wa kusini wa Ziwa Victoria hawakupokea kalenda za wageni kama chombo kitupu kipokeavyo maji. Walizipima kwa majira ya kazi zao. Iliyoangukia wakati wa nafasi waliifanya yao. Iliyoangukia wakati wa taabu waliiheshimu kwa sala, kisha wakarudi shambani.

I. Sherehe zisizo na tarehe

Kabla ya kufika kalenda hizo, watu wa kusini ya Ziwa, yaani Wasukuma walio wengi, pamoja na Wakerewe, Wakara, Wajita na Wazinza wa visiwani na kandokando, walisherehekea jambo lililotukia, si tarehe. Mapacha wamezaliwa, bibi arusi analetwa, simba ameuawa, mtemi ametawazwa, mavuno yameingia ghalani: hayo ndiyo yaliyowaita watu, pombe na ngoma. Mtu atakaye kuyaona maisha ya namna hiyo yakielezwa na mwenyeji mwenyewe, na asome kitabu cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe (1896–1981), kiitwacho Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa Kiswahili kilichapishwa mwaka 1980. Sherehe zilizopambanuliwa humo hufuata maisha ya watu: posa, harusi, uzazi, ugonjwa na kifo. Hazifuati safu za kalenda.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba mwaka haukuwa na mpango. Katika nchi hiyo mvua huanza Oktoba au Novemba, hupungua kidogo kati ya Januari na Februari, kisha hurudi mpaka Mei. Katika miezi hiyo jembe halipumziki. Kuanzia Juni hadi Septemba nchi hukauka, nafaka huwa imevunwa, njia hupitika, mito huvukika, na pombe ya mtama hupatikana. Mwenye dhamana ya mzunguko huo alikuwa mtemi. Yeye alihesabiwa kuwa ndiye mwenye mvua, na mbegu zilitiwa dawa kwa amri yake kabla ya kupandwa. Hans Cory aliyaeleza mambo hayo kwa kirefu katika kitabu chake juu ya ibada za mtemi wa Kisukuma, kilichotoka mwaka 1951.

Jambo moja la lugha lafaa kuangaliwa hapa. Kiswahili huita ngoma kile chombo kipigwacho, huita ngoma mchezo wenyewe, na tena huita ngoma mkutano wa furaha. Kisukuma hupambanua: chombo ni ng'oma, mchezo ni mbina. Upambanuzi huo una maana. Mbina katika Usukuma si pambo la sherehe, bali mara nyingi ni kazi. Bugobogobo, mchezo wa majembe na ngoma kubwa, ulikuwa mpango wa kulima. Vijana wa kijiji, wakiongozwa na mkubwa wao aitwaye nsumba ntale, walilima kwa mapigo ya ngoma, jembe likipanda na kushuka kwa pamoja. Wakati wa mvua mapigo yale yalifungua ardhi. Wakati wa kiangazi mapigo yale yale yalichezwa uwanjani mbele ya watazamaji, na jembe likarushwa juu na kudakwa kwa madaha. Basi msimu wa michezo katika Usukuma ni msimu wa kazi uliogeuzwa upande wa pili.

Katika msimu huo ndimo yalimozaliwa mashindano yaliyoigawa nchi nzima katika pande mbili. Mapokeo husema kwamba katika karne ya 19 waganga wawili waliokuwa wachezaji hodari, Ngika na Gumha, walishindana ili ijulikane ni dawa ya nani iliyo na nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, na wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Namna ya kushindana ni hii: makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huenda wapendako. Kundi litakalovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutafuta nyimbo mpya, mavazi mapya, na hila ambazo mpinzani hajapata kuziona. Baadhi ya makundi hucheza na nyoka; wengine, kama Banungule, hufuata ufundi wa wawindaji wa nungu. Wengi hutafuta pia dawa za mvuto, ziitwazo samba. Yeyote atakayeingiza sikukuu katika nchi hii hana budi kukutana na Bagika na Bagalu, ama awakatae, ama awape mahali.

II. Mwezi mwandamo

Wa kwanza kuleta sikukuu zenye kalenda walikuwa Waislamu waliofika na biashara ya pembe, chumvi na vitambaa kwa njia ya Tabora. Henry Stanley alipofika Kagei, mashariki ya Mwanza ya sasa, tarehe 27 Februari 1875, alimkuta huko tayari mfanyabiashara Mwarabu aliyeitwa Sungoro. Palipo na Waislamu, ingawa ni wachache, mwezi wa Ramadhani hufungwa na Idi huswaliwa.

Watu wa pwani walikuja na hesabu yao ya miezi, ambayo ni ya Kiswahili kuliko ya Kiarabu. Ramadhani ikiisha, mwezi ufuatao huitwa mfunguo mosi, kisha mfunguo pili, na kuendelea mpaka mfunguo tisa. Ndipo hufuata Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Idi el-Fitri ni siku ya kwanza ya mfunguo mosi. Idi el-Haji huangukia mfunguo tatu, na Maulidi mfunguo sita. Yaani mwaka mzima umehesabiwa kutoka katika sikukuu.

Lakini pwani ilikuwa na hesabu nyingine pia, ya jua, ianzayo Siku ya Mwaka au Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi. Kwa hesabu hiyo mabaharia walijua pepo za kaskazi na kusi, na wakulima walijua siku za kupanda. Huko Makunduchi, Unguja, siku hiyo ingali ikiadhimishwa kwa Mwaka Kogwa. Ajabu ni kwamba hesabu ya mwezi ilisafiri na misafara hata Ziwani, na Siku ya Mwaka haikustawi huko. Sababu yake si ngumu kuiona. Pepo za kaskazi na kusi hazikuamuru kazi yoyote Kagei, wala miongo ya Unguja haikulingana na mvua za Usukuma. Sala iliweza kusafiri. Kilimo cha pwani hakikuweza.

Matokeo yake ni makubwa. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi huzunguka majira yote kwa muda wa miaka kama 33. Idi el-Fitri iliyoangukia mwanzoni mwa Januari 1968 ilirudi mahali pale pale mwishoni mwa Desemba 2000, siku mbili tatu tu baada ya Noeli. Na mwaka 2033 inatazamiwa kufika tena siku chache kabla ya Noeli. Sikukuu izungukayo hivyo haiwezi kuwa sikukuu ya mavuno. Mwaka huu yamkuta mkulima ana ghala iliyojaa. Baada ya miaka kumi na sita yamkuta ana jembe mkononi na ghala tupu. Kwa hiyo Idi ilipata nguvu hasa kwa watu ambao kazi yao haikufungwa na mvua: wachuuzi, mafundi, mabaharia, wapagazi waliohamia, na watu wa mjini kwa jumla. Hiyo si sababu pekee ya Uislamu kustawi zaidi katika miji ya Ziwani kuliko mashambani mwa Usukuma, lakini ni sababu isiyotajwa mara nyingi. Sikukuu yenyewe ilikwenda mjini na desturi zake zote: zaka ya fitri, swala ya uwanjani, kanzu na kanga mpya, pilau, na watoto kupita nyumba kwa nyumba wakitaka mkono wa Idi.

III. Noeli wakati wa jembe, maua wakati wa mavuno

Mababa Weupe walipotoka Buganda waliweka kituo chao Bukumbi, kusini ya Mwanza, mwaka 1883. Wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society walifika Nassa mwaka 1888, na kituo hicho kilipita mikononi mwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Tofauti yao juu ya sikukuu ingali ikisikika katika lugha hata leo: Wakatoliki husema Noeli, neno walilolipata kwa mapadre wasemao Kifaransa, Waprotestanti husema zaidi Krismasi. Lakini wote wawili walipokea jina moja la siku ya Bwana, na jina hilo ni Jumapili, ambalo maana yake ni siku ya pili baada ya Ijumaa. Hivyo Mkristo wa Mwanza, aendapo kanisani, huitaja siku yake kwa hesabu iliyoanzia msikitini. Lugha ilikwisha kupatanisha kalenda hizo kabla ya watu kuzijadili.

Noeli ilipofika ilikuta mashamba yamelowa. Desemba katika Usukuma ni mwezi wa kulima, kupanda na kupalilia. Pamba nayo, ilipoenea, ilipandwa katika majuma yale yale. Akiba ya nafaka huwa imepungua, na hapana nafasi ya kutembea mbali kwa siku nyingi. Kwa hiyo Noeli ya mashambani ikawa sikukuu ya kanisa: misa ya usiku, wimbo, nguo mpya ya mtoto, wali na nyama kwa aliyejaliwa, kisha kesho yake jembe. Haikudharauliwa, ilikosa nafasi tu.

Ilikuwa vingine kabisa kwa sikukuu ya Mwili wa Kristo. Sikukuu hiyo iliamriwa kwa Kanisa zima na Papa Urban wa Nne mwaka 1264. Huadhimishwa Alhamisi, siku ya 60 baada ya Pasaka, au hupelekwa Jumapili ifuatayo; kwa hiyo, kwa kuwa Pasaka haitangulii tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili, Alhamisi yake haiwezi kutangulia tarehe 21 Mei wala kupita tarehe 24 Juni. Waliopanga jambo hilo Ulaya katika karne ya 13 hawakuijua Usukuma, wala hawakuwa na habari ya mtama wake. Hata hivyo waliweka sikukuu yao penye mlango wa kiangazi, wakati mvua imekwisha na mavuno yanaingia. Katika maandamano ya Ekaristi watu hutandaza maua njiani. Wasukuma wakaiita kwa jina la kile walichokiona: Bulabo, yaani maua.

Mahali Bulabo ilipokomaa ni Bujora, karibu na Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Huko, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Mababa Weupe, alianzisha parokia, akajenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na pamoja na wazee wenyeji akaweka msingi wa makumbusho ya Wasukuma. Katika mawazo hayo, Kristo apitaye na maandamano alieleweka kama mtemi apitaye katika nchi yake. Na mtemi hapiti kimya. Baada ya misa na maandamano, uwanja ulifunguliwa kwa Bagika na Bagalu. Mashindano ambayo mapadre wengine waliyaona kuwa ni ya kipagani yaliwekwa chini ya kivuli cha sikukuu kubwa ya Kanisa, na mara nyingi yaliendelea zaidi ya juma moja.

Jambo hilo halikukosa ugumu. Mchezaji wa nyoka ana dawa. Ningi ana dawa ya mvuto. Na msingi wa ugomvi wa Ngika na Gumha ulikuwa dawa. Kanisa lilikubali mguu uchezao, likaikataa dawa iliyofungwa mguuni, na si rahisi kwa mtazamaji kujua moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Africa Inland Mission na kanisa lililozaliwa nayo walichukua njia ya pili: waliwataka waumini wao waziache ngoma na pombe kabisa. Yafaa kukiri kwamba njia hiyo nayo ilikuwa na mantiki yake, maana waliifahamu vema nguvu ya dawa katika mashindano. Lakini roho ya kushindana haikufa kwao, ilihamia kwaya. Mtu asikilizaye makwaya yakikutana wakati wa Pasaka au Noeli, kila moja na mavazi yake, wimbo wake mpya na mwalimu wake, hatakosa kumwona ningi wa zamani katika joho la mwimbaji.

IV. Taa za dukani na taa za ziwani

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za Ziwani ziliifanya Mwanza kuwa mlango wa biashara, na reli ya kutoka Tabora iliyofika mwaka 1928 ikaufungua mlango wa pili. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuja kwa njia hizo: Wahindu, Waismailia, Waithnaashari, Wasuni na Masingasinga, kila jamaa na sikukuu zake. Waismailia waliadhimisha Nauruzi tarehe 21 Machi. Lafaa litazamwe neno hilo: ni lile lile la Kiajemi lililozaa Nairuzi ya pwani, lenye maana ya siku mpya. Siku Mpya iliyokataa kupanda bara na misafara ilifika Mwanza kwa meli na reli, ikiwa mikononi mwa watu wengine na katika msimu mwingine.

Diwali ya Wahindu nayo huangukia usiku wa giza kuu, mwezi usipoonekana, kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Kwa desturi ya Wagujarati ndiyo siku ya kufunga daftari za hesabu za mwaka uliopita na kuzibariki zile mpya. Katika Mwanza jambo hilo lililingana na kazi kwa namna isiyopangwa na mtu. Pamba iliyovunwa kuanzia Juni ilinunuliwa katika miezi ya kiangazi, ikachambuliwa katika viwanda ambavyo kabla ya vyama vya ushirika vilikuwa vya Wahindi, na Diwali ilipofika msimu wa ununuzi ulikuwa unafungwa au umefungwa. Mkulima alikuwa amelipwa na kununua kanga na baiskeli. Mwenye duka aliweza kuijua faida yake. Taa zilizowashwa barazani ziliwashwa juu ya daftari zilizokwisha kujumlishwa. Kuanzia mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lilipoanza kuichukua biashara ya pamba, uzi huo ulianza kukatika. Na leo Diwali ya Mwanza ni sikukuu ya nyumba na hekalu kuliko ya soko.

Usiku huo huo wa Diwali, mtu akitazama Ziwani ataona taa nyingine. Tangu miaka ya 1960 uvuvi wa dagaa kwa taa za karabai umeenea katika Ziwa Victoria, na siku hizi taa za umeme wa betri na jua zimeongezeka. Dagaa hufuata mwanga. Lakini mwanga wa taa hauna nguvu mbele ya mbalamwezi. Kwa hiyo wavuvi hufanya kazi katika siku za giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, hushona nyavu, au hurudi nyumbani kutoka katika kambi za visiwani. Basi mwezi, ambao mashambani ni wa kutazama tu, kwa mvuvi wa dagaa ni msimamizi wa kazi.

Sikukuu zikipimwa kwa kipimo hicho, hupangika upya kabisa. Idi el-Fitri huingia mwezi unapoandama, yaani katikati ya siku za giza, wakati kila usiku una thamani. Mvuvi Mwislamu hana budi kuchagua: aache mtumbwi ufukoni katika usiku ulio bora wa mwezi mzima, au aikose sikukuu kijijini kwake. Idi el-Haji, iliyo siku ya 10, humkuta mwezi ukikua, na huacha nafasi zaidi. Pasaka huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu wa majira yake, na kwa hiyo aghalabu humkuta mvuvi yuko nyumbani, nyavu zikiwa zimeanikwa. Noeli haifuati mwezi hata kidogo. Mwaka mmoja humkuta kambini, mwaka mwingine humkuta mlangoni kwake. Hivyo sikukuu ile ile yaweza kuwa na uzito mmoja kwa mkulima wa Magu na uzito mwingine kwa mvuvi wa Ukerewe, hali wote wawili ni wa dini moja na husoma kitabu kimoja.

V. Siku za serikali

Serikali nayo ilikuta uwanja umekwisha kuzoeleka. Chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Lakini katika Usukuma kilinyimwa ruhusa ya kufungua matawi mpaka mwaka 1958, mwaka wa machafuko ya Geita. Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, siku ya saba ya mwezi wa saba ikawa sikukuu ya wakulima, Sabasaba. Kama wenye kuchagua tarehe hiyo wangaliutafuta mwezi ufaao kwa Wasukuma, wasingaliupata ulio bora kuliko Julai: mavuno yamekwisha, pamba inauzwa, Bulabo imetangulia kwa majuma machache. Bagika na Bagalu waliingia uwanja wa Sabasaba kwa nyimbo zile zile za mashindano, wakaongeza sifa za taifa. Katika miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kuruhusiwa, siku ya wakulima ilihamishiwa tarehe 8 Agosti, Nanenane, na wachezaji wakaihamia bila taabu, maana Agosti nayo ni kiangazi. Siku ya Uhuru, iliyo Desemba, ni kubwa kwa maana kuliko zote hizo. Lakini huja na mvua, na gwaride na hotuba ndizo zilizoipamba zaidi kuliko mbina.

Jambo jingine lilitendeka wakati huo ambalo lilibadili mizani. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya watemi. Mwenye dhamana ya mvua na mbegu akawa raia kama wengine, na ibada za mwaka zilizofanywa kwa jina lake zikakosa mwenyewe. Ngoma za kitemi zilipelekwa Bujora, katika makumbusho. Kwa njia hiyo mwaka wa mkulima ulipoteza mlango wake wa kwanza, ule wa kupanda, ukabakiwa na mlango wa pili, ule wa mavuno, ambao Kanisa na serikali walikwisha kuushika. Sherehe za furaha zilidumu. Sherehe za hofu, zile za kuomba mvua kabla ya kupanda, zilififia. Mtafiti wa Usukuma wa leo asikose kuukumbuka upungufu huo, maana akiitazama Bulabo peke yake atadhani kwamba mwaka wa Wasukuma siku zote ulikuwa wa kucheza.

VI. Mizani

Kwa hayo yote yaonekana kwamba historia ya sikukuu katika ufuko wa Ziwa ina wajenzi wawili. Mmoja ni yule aletaye siku: shehe, padre, mfanyabiashara, serikali. Wa pili ni yule mwenye kazi, ambaye hutazama kama siku hiyo ina nafasi ya kukaa. Bulabo haikukua kwa sababu ya mafundisho ya Ekaristi peke yake, wala kwa sababu ya Bagika na Bagalu peke yao. Ilikua kwa sababu kalenda ya Roma na kiangazi cha Usukuma vilikutana, na akatokea mtu wa kuona kwamba vimekutana.

Lakini kitu kilichojengwa juu ya majira ya kazi huyumba kazi ibadilikapo. Watoto wa wakulima wengi sasa ni watu wa mshahara, wa bodaboda, wa migodi ya Geita na wa masoko ya samaki. Kwao wakati wa nafasi haupimwi kwa mtama. Wengine huupata kwa likizo ya mwajiri na ya shule, ambayo Desemba ni ndefu. Ndiyo sababu Noeli, iliyokosa nafasi mashambani, imeipata katika vituo vya mabasi na bandarini, ambako watu hujaa kila mwisho wa mwaka wakirudi makwao. Bulabo nayo huingiwa na wageni na watalii, na mashindano hupata waamuzi wenye karatasi na zawadi zenye wadhamini. Katika uwanja wa zamani, mtazamaji aliyeacha kundi moja na kuliendea jingine alitoa hukumu kwa miguu yake. Hakuna karatasi iwezayo kuichukua hukumu hiyo bila kuipunguzia uzito.

Kwa wachunguzi wa lugha kazi ingali nyingi. Nyimbo zitungwazo kwa msimu mmoja husahauliwa msimu ufuatao, kwa kuwa ningi hashindi kwa wimbo wa mwaka jana. Kwa hiyo kila kiangazi kipitacho bila kuandikwa ni kitabu kilichochomwa. Frank Gunderson alionyesha, katika kitabu chake cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, jinsi historia nzima ya nchi ilivyohifadhiwa ndani ya nyimbo hizo. Maneno ya sikukuu nayo, kama Bulabo, mbina, ningi, mfunguo, Noeli na Nauruzi, yastahili kukusanywa pamoja na majira yake, si kwa maana zake tupu. Kamusi itakayoandika kwamba Bulabo ni maua itakuwa imesema kweli. Lakini itakayoongeza kwamba maua hayo hutandazwa wakati mtama unaingia ghalani, itakuwa imeeleza kwa nini watu huja.